C ya Windows, D ya Mwenye Mashine

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola, kupitia Masumbwe, hadi Katoro na Geita mjini, ofisi ya watu wengi ni steshenari. Hapo ndipo mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, anapochapisha mkataba wake na wachimbaji, mwalimu anapochapa mitihani ya nusu muhula, kijana anapoandikiwa barua ya kuomba kazi mgodini, na mchimbaji mdogo anapojaziwa maombi ya leseni, kwa kuwa siku hizi maombi hayo hupitia mtandaoni. Soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita Machi 2019, na masoko ya madini yakaenea katika mikoa mingine, biashara iliyozoea kumalizwa kwa mizani na noti ilianza kudai karatasi. Karatasi hizo huzaliwa kwenye kompyuta ya mezani iliyokwisha kula chumvi nyingi: Dell OptiPlex au HP Compaq iliyotumika miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya au Marekani kabla ya kuja huku kama mtumba.

Ni mashine imara kuliko sura yake. Kasha ni la bati zito, ndani kuna nafasi ya mkono kuingia, na kifaa kikiharibika hutolewa peke yake na kingine kikawekwa. Mara nyingi kinachotangulia kuchoka ni hadi diski (hard disk).

Diski ikichoka, au Windows ikigoma kuwaka, mwenye duka hubeba kasha hadi kwa fundi, na fundi hutoa hukumu inayojulikana na wote: tuipige Windows upya. Baada ya saa moja au mbili mashine inarudi nyepesi kama mpya. Kesho yake mteja anakuja kuulizia mkataba wake wa mwaka jana, na mwenye duka anafungua folda moja baada ya nyingine asiuone. Mkataba huo haukuliwa na kirusi. Ulifutwa na matengenezo yenyewe, kwa sababu diski nzima ilikuwa sehemu moja, C peke yake, na fundi alipoweka Windows mpya alianza kwa kusafisha kila kilichokuwemo humo.

Hasara hiyo huzuilika katika dakika chache za kugawa diski, kabla Windows haijawekwa. Watu huzipita dakika hizo haraka kuliko zote, ilhali ndizo zinazoamua nini kitasalia siku mfumo utakapokufa. Na utakufa. Mashine ya miaka kumi na mitano, inayokatikiwa umeme mara kwa mara na kuchomekwa flashi za kila mpita njia, haiwezi kuahidiwa vinginevyo.

Ujuzi huu ulichelewa kufika, na kuchelewa kwake kuna historia. Mwaka 1973 IBM ilitoa diski ya 3340, maarufu kwa jina la Winchester, ambayo vichwa vyake vya kusomea vilifungiwa pamoja na sahani zake ndani ya chombo kimoja. Hadi diski zote zilizofuata ni wajukuu wake. Mwaka uliofuata, 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku ilikuja kulegezwa, lakini kizazi kizima cha miji ya bara kilikutana na kompyuta ikiwa tayari imekamilika, imefungwa, ina Windows ndani. Mafundi wengi wa Shinyanga na Geita walijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine na kutazama mikono yake. Wanajua vizuri jinsi ya kuweka mfumo. Sababu ya kugawa diski hivi na si vile hawakupata wa kuwaeleza, na lawama ya hilo haiwezi kuwa yao peke yao.

Kabla ya kununua diski, mwenye mashine afungue kasha atazame. Mashine za kabla ya mwaka 2004 hivi hutumia IDE, inayotambulika kwa kebo bapa, pana, yenye matundu 40 upande wa kuchomekea. Zilizofuata hutumia SATA, mfumo ulioingia sokoni 2003: kebo nyembamba yenye kichwa kidogo chenye umbo la herufi L. OptiPlex 745, 755 na 780, zilizojaa madukani, zote ni za SATA. Ikikutwa mashine ya IDE, ushauri wa haki kwa mteja ni kutoitilia fedha nyingi. Diski mpya za IDE hazitengenezwi tena, na hiyo inayouzwa imezunguka miaka mingi kwa bwana mwingine.

Ikibidi kuifunga, kuna sheria ndogo zisizosamehe. Kebo moja ya IDE hubeba vifaa viwili, kwa hiyo kila kifaa lazima kitambulishwe kwa kipande kidogo cha plastiki kinachoziba vipini viwili nyuma ya diski, karibu na pale umeme unapoingilia. Mchoro wa mahali pa kukiweka huwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Diski ya kuwashia mashine huwekwa kuwa kuu, na kifaa cha CD kikawa cha pili. Vyote viwili vikijitangaza kuwa vikuu, BIOS, programu ya msingi inayoamsha mashine, inaweza isione hata kimoja, na fundi asiyejua ataitupa diski nzima akidhani imekufa. Kwenye kebo ya nyaya 80, kichwa cha buluu huenda kwenye madabodi, cheusi cha mwisho kwenye diski kuu, cha kijivu cha katikati kwenye kifaa cha pili. Mstari mwekundu wa ubavuni huelekezwa upande wa umeme.

SATA iliondoa utata huo wote. Kila diski ina kebo yake, na kichwa hakiingii kinyume. Kilichobaki ni adabu ya mikono. Waya wa umeme uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja ili chaji iliyobaki kwenye saketi iishe. Mkono uguse bati la kasha kabla ya kugusa diski. Katika kiangazi cha Shinyanga, hewa ikiwa kavu na miguu ikisugua zulia, mwili hubeba umeme tuli wa kutosha kuharibu saketi bila mtu kuhisi chochote. Kwenye OptiPlex nyingi diski hukaa katika fremu ya plastiki yenye vishikio vya buluu na huchomoka bila bisibisi. Kwenye HP Compaq za kizazi hicho, skrubu maalumu hufungwa ubavuni mwa diski, nazo huteleza kwenye reli. Zikipotea diski itabaki ikining'inia, na diski inayotikisika ikiwa inazunguka haidumu.

Umeme unastahili tahadhari ya peke yake. Paua saplai ya zamani ikikosa kichwa cha SATA, wengi hununua kigeuzi cha bei rahisi kutoka kichwa kikubwa cha matundu manne. Vile vilivyomiminwa plastiki moja kwa moja juu ya nyaya vina sifa mbaya iliyothibitika: nyaya husogeleana ndani, hugusana, huungua. Afadhali kichwa ambacho kila waya umebanwa mahali pake na unaonekana, au kubadilisha paua saplai yenyewe.

Halafu kuna vumbi. Mkoa wa Shinyanga uliwahi kuwa mkavu kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha miti na ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa, na karibu na makarasha ya kusagia mawe vumbi huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Watu huamini ndilo linaloua hadi diski. Haliui kwa njia wanayofikiri. Diski imefungwa, na tundu lake dogo la kupumulia lina kichujio. Vumbi hufanya kazi yake kwa kuzunguka: huziba feni, huifunika paua saplai, joto hupanda, na diski iliyobanwa katikati ya joto hilo huchakaa kabla ya wakati. Kupuliza kasha kila baada ya miezi michache kunairefushia maisha kuliko programu yoyote ya kusafishia Windows.

Diski ikishafungwa, mashine huwashwa na kuingizwa kwenye BIOS, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP. Jina la diski likionekana pale, kazi ya mikono imefaulu. Likikosekana, makosa ya kawaida ni kebo iliyolegea au mlango wa SATA uliozimwa kwenye orodha. Hapo hapo hutazamwa saa. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 imekwisha na ibadilishwe sasa, kwa kuwa BIOS inayosahau mipangilio kila umeme ukikatika inaweza pia kubadili namna ya kuongea na diski. Namna hizo ni mbili: ile ya zamani inayoiga IDE, na AHCI ambayo ni ya SATA halisi. Windows 7 iliyowekwa chini ya moja ikiamshwa chini ya nyingine huanguka kwenye kioo cha buluu chenye namba 0x0000007B. Mashine nyingi zilizopigwa Windows bure zilikuwa na ugonjwa huu tu, na dawa yake ni kurudisha mpangilio mmoja kwenye BIOS.

Mteja naye ana swali lake. Alilipia GB 500, kioo kinaonyesha 465, na anahisi kuibiwa. Hajaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kwa maelfu, baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024 mara tatu. Kwa hesabu hiyo diski ya GB 320 huonekana kama 298, na ya TB 1 kama 931. Fundi anayeweza kueleza jambo hili kwa dakika moja hulinda jina lake.

Lakini kuna upungufu mwingine ambao si wa hesabu, na huo unatokana na uzee wa mashine. Kompyuta hizi zimepita katika milango mingi myembamba. Za mwanzo wa miaka ya 1990 hazikuona zaidi ya MB 504. Baadaye ukomo ukawa GB 8.4. Kisha ukaja ukomo wa GB 137, uliotokana na namba ya anwani yenye biti 28 tu, na Windows XP ya kwanza kabisa, kabla ya kiraka cha Service Pack 1 cha mwaka 2002, ilikwama hapo. Hatari yake haikuwa kupoteza nafasi tu: mfumo usiojua anwani za juu unaweza kurudi kuandika mwanzoni mwa diski, juu ya mafaili yaliyokuwepo. Bado kuna CD za XP za zamani zinazozunguka, hasa pale panapotumika printa kongwe isiyo na programu mpya, kwa hiyo onyo hili halijazeeka.

Mlango wa mwisho ni wa TB 2.2, na kuuelewa kunahitaji kuelewa sekta ya kwanza ya diski.

Anayeyajua machimbo atalielewa hili upesi. Mawe yakitoka duarani hupangwa katika viroba na kugawanywa: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la wachimbaji. Kumbukumbu ya mgao ikipotea, viroba vyote vipo palepale, dhahabu imo, ila hakuna awezaye kusema kipi ni cha nani. Sekta ya kwanza ya diski, inayoitwa MBR, ndiyo kumbukumbu hiyo. Ina baiti 512 tu: 446 ni za programu fupi ya kuamshia mfumo, 64 ni za jedwali la mgao, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Jedwali lina mistari minne, kila mmoja baiti 16, ukisema patisheni, yaani sehemu ya diski, inaanzia sekta gani na ina sekta ngapi. Mpango huu uliingia na PC DOS 2.0 mwaka 1983, pamoja na kompyuta ya IBM PC XT iliyokuwa na diski ya MB 10, na ndio uliomo leo katika OptiPlex ya pale sokoni.

Kwa kuwa mistari ni minne, patisheni za msingi haziwezi kuzidi nne. Anayetaka zaidi hugeuza moja kuwa ya kupanuliwa na kuigawa ndani. Na kwa kuwa kila mstari huhesabu sekta kwa biti 32, mgao hauwezi kuvuka TB 2.2. Diski kubwa zaidi huhitaji jedwali jipya, GPT, lakini hapa mashine ya zamani inakwama: Windows hukubali kuwaka kutoka diski ya GPT ikiwa tu mashine ina UEFI, mrithi wa BIOS, na OptiPlex za kizazi cha 780 zina BIOS ya kale. Kwa hiyo mashine hizi hupewa diski isiyozidi TB 2 na kugawanywa kwa MBR. Nani anahitaji zaidi ya hapo kwa kuchapa barua?

Sasa kwenye ugawaji wenyewe. Jambo la kufanya kabla ya kuwasha kisakinishi cha Windows ni kuchomoa kebo ya diski nyingine yoyote iliyomo, hasa ile ya zamani yenye mafaili. Kisakinishi huorodhesha diski kwa namba, 0 na 1, bila jina la mwenye mali. Kubonyeza Delete kwenye mstari usio wake kunachukua sekunde moja. Tena diski mbili zikiwepo, Windows inaweza kujiweka kwenye moja huku ikiacha mafaili ya kuamshia kwenye nyingine, na siku diski ya zamani itakapoondolewa mashine haitawaka.

Diski mpya itaonekana kama nafasi isiyogawanywa. Hapo fundi mwenye haraka hubonyeza Next na kuiacha yote iwe C. Dakika tatu zaidi zinatosha kubonyeza New, kuandika ukubwa wa C, na kuacha iliyobaki kwa D. Windows itajitengea yenyewe sehemu ndogo ya ziada, MB 100 kwa Windows 7, ambayo haipaswi kufutwa kwa kudhani ni takataka.

Ukubwa gani? Kwa diski ya GB 500, C ya GB 100 hadi 120 inatosha Windows 10, programu za ofisi na masasisho. Wapo wanaoipa C GB 40 kwa kubana nafasi, na hilo ni kosa baya kuliko kutogawa kabisa: baada ya mwaka C inajaa, masasisho yanashindikana, mashine inakuwa nzito, na inarudi kupigwa Windows wakati D ina GB 300 tupu. Wapo pia wanaogawa vipande sita, C hadi H, kila kimoja na jina lake. Vinapendeza siku ya kwanza, kisha kimoja kinajaa huku vingine vikiwa wazi. Sehemu mbili zinatosha karibu kila mtu. Duka linalorushia wateja muvi na nyimbo kwenye flashi linaweza kuwa na ya tatu, kwa sababu mzigo ule ni mkubwa, unapatikana tena ukipotea, na haustahili kukaa pamoja na mikataba ya watu.

D ipewe mfumo wa mafaili wa NTFS. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na kwa muvi ndefu hilo ni tatizo la kila siku. Lakini sababu kubwa zaidi ni umeme. NTFS huweka kumbukumbu ya kila badiliko la mpangilio kabla ya kulifanya, kwa hiyo umeme ukikatika katikati inajua ilikuwa imefika wapi. FAT32 haina kumbukumbu hiyo. Vichwa vya diski, vinavyoelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka mara 120 kwa sekunde, hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kujirudisha mahali salama umeme unapotoweka; chuma chenyewe kimeandaliwa kwa hilo. Maandishi yaliyokuwa bado njiani ndiyo yanayopotea. UPS ndogo inayotoa dakika tano za kufunga kazi ina thamani kuliko kioo kikubwa, na steshenari ikilazimika kuchagua kimoja, ichague UPS.

Mgao huu wote huwa bure kama hatua moja itasahaulika. Watu wengi huhifadhi kazi kwenye desktopu, ule uso wa kwanza unaoonekana mashine ikiwaka, na uso huo uko ndani ya C. Folda ya Documents nayo iko ndani ya C. Fundi anayegawa diski kisha akamkabidhi mteja bila kuzihamisha amejenga ghala na kuacha mahindi uani. Kuzihamisha ni rahisi: bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, fungua Location, elekeza D. Baada ya hapo mtumiaji anaendelea kuhifadhi palepale alipozoea, na kazi zake zinakwenda D bila yeye kuhitaji kukumbuka. Hii ndiyo huduma ambayo fundi angepaswa kuitangaza kwenye kibao cha mlangoni.

Kwa mashine ambayo tayari ina C moja kubwa na kazi za watu ndani, si lazima kufuta. Tangu Windows Vista, zana ya Disk Management inaweza kuipunguza C na kutengeneza D kwenye nafasi iliyoachwa. Wakati mwingine hukataa kupunguza zaidi ya kiasi fulani kwa sababu ya mafaili ya mfumo yasiyohamishika yaliyokaa katikati ya diski. Programu huria ya GParted, inayowaka kutoka kwenye flashi, hufaulu pale Windows inaposhindwa. Lakini kwanza nakala itoke nje ya mashine. Kubadili mipaka ya patisheni wakati umeme wa mtaa hautabiriki, bila UPS na bila nakala, ni kuichezea riziki ya mtu mwingine.

Na ieleweke wazi mgao hauwezi nini. C na D ziko juu ya sahani zilezile. Windows ikifa, D inapona. Diski yenyewe ikifa, zinakwenda zote mbili. Dalili za kifo huja mapema kwa anayetazama: mlio wa kugonga unaojirudia, faili linalofunguka kwa dakika nzima, na hasa ripoti ya SMART, ambayo programu ya bure ya CrystalDiskInfo huionyesha kwa rangi. Sekta mbovu zilizohamishwa zikianza kuongezeka, diski hiyo inapaswa kuagwa. Anayenunua diski ya mtumba aombe kuiona ripoti hiyo kabla ya kutoa hela; humo mmeandikwa pia saa ambazo diski imefanya kazi, na namba hiyo haibembelezi.

Ajali ya pili ni jedwali la mgao kufutika: mkono umebonyeza Delete, au kirusi kimeiandika upya sekta ya kwanza. Mteja huona diski tupu na kukata tamaa. Katika hali hiyo kinachotakiwa ni kutoandika chochote juu yake, kutoiformati, kutoipiga Windows. Programu huria ya TestDisk, iliyotengenezwa na Christophe Grenier, hupita sekta baada ya sekta ikitafuta mianzo ya patisheni za zamani, na mara nyingi huweza kuliandika jedwali upya na kila kitu kikarudi mahali pake. Kinachoharibu matumaini hayo ni haraka ya jioni ileile ya kuijaza diski vitu vipya.

Kwa mwenye fedha kidogo ya ziada, mgao bora kuliko wote katika mashine ya SATA ni wa diski mbili. SSD ndogo, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 120 au 240, inashika Windows. Hadi diski ya zamani, ikiwa bado nzima, inakuwa D. Mlango wa SATA wa mashine hizi hupitisha MB 300 kwa sekunde hivi, chini ya uwezo wa SSD za leo, lakini tofauti inayohisiwa haitoki hapo. Hadi diski lazima isogeze kichwa na kusubiri sahani izunguke, jumla milisekunde kumi au zaidi kwa kila ombi, na Windows inapowaka ina maelfu ya maombi. SSD hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. OptiPlex iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nne huwaka kabla mteja hajamaliza kusalimia.

Kitu kingine kimebadilika. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni ambazo mashine hizi hazina. Linux inabaki njia ya wazi, na kwa Tanzania si mgeni: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kwenye Linux mgao hufuata fikra ileile kwa majina mengine. Mfumo hupewa sehemu yake, GB 40 hadi 60, na kazi za mtumiaji hupewa patisheni ya /home. Toleo jipya likiwekwa, /home huambiwa ibaki bila kuformatiwa.

Linabaki suala la diski iliyotolewa. Mara nyingi huishia kwenye droo ya fundi, kisha huuzwa. Ndani yake mna vitambulisho vya taifa vilivyoskaniwa, mikataba ya maduara, barua za kesi, matokeo ya vipimo vya hospitali yaliyoletwa kutolewa nakala. Kuiformati kwa haraka hakufuti chochote kati ya hivyo. Kunabadilisha orodha tu, na programu ya kurejesha mafaili inaweza kuvirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na steshenari inashika taarifa nyingi mno. Amri ya clean all katika zana ya diskpart huandika sifuri kwenye kila sekta. Kwa diski nzima ya GB 500 kazi hiyo huchukua saa moja na nusu au zaidi, na inaweza kuachwa ikiendelea wakati duka linahudumia wateja wengine. Diski iliyokufa isiyokubali amri hufunguliwa skrubu zake, sahani zikatolewa na kukunjwa au kuvunjwa kwa nyundo, mwenye duka akiwa amesimama hapo anaona.